Barafu ya Mwenyekiti

Nimia aliingia zahanatini kwa miguu yake mwenyewe, na ubavuni mwake mama yake, Ña Tomasa, alikuwa ameubeba mkono wa kulia wa binti kwa mikono yake miwili kama anayebeba mtungi uliojaa pomoni. Mkono ulikuwa umevimba kutoka vidoleni hadi kiwikoni, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Juu ya kiwiko mama mtu alikuwa ameufunga kwa mkanda wa aproni na kuukaza kwa kijiti, kama walivyofunga wote pale Isla Pindo tangu enzi za mababu, na chini ya mkanda nyama ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau.

“Ni yarara,” Ña Tomasa alisema. “Kashika muwa, kumbe kashika na nyoka. Tumemuua, huyu hapa kwenye mfuko, umwone mwenyewe usije ukasema tunabahatisha. Mchome sindano, nesi. Haraka.”

Ermelinda hakuwa na haja ya kumwona nyoka. Alichukua mkasi akaelekea kwenye mkanda.

“Usinikate na mkono, nesi,” Nimia alisema. “Huo ndio unaonilisha.” Alicheka, na meno yake yalikuwa na damu. Akajilamba fizi, akakunja uso. “Mbona mate yangu yana ladha ya msumari?”

Ermelinda alimlaza kitandani, akamwekea dripu, akaenda kufungua jokofu. Kisanduku cha dawa ya sumu ya nyoka kilikuwa kwenye rafu ya chini. Alitoa kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukitikisa kidogo. Dawa nzima huwa maji matupu, unaona upande wa pili. Hii ilikuwa na utando na chengachenga nyeupe zinazoelea, mithili ya maziwa yaliyochacha. Akatoa kingine, na kingine tena. Alijua vyote viko hivyo kabla hajagusa mlango, kwa sababu aliviona Jumapili na akavirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Alitazama tu kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Akavipanga tena kwenye kisanduku, akafunga jokofu. Ña Tomasa aliyaona yote hayo.

Jokofu lile lilikuwa la chanjo, la kutumia gesi, na mlangoni lilibandikwa picha ya Don Wilfrido Cañiza, mwenyekiti wa tawi la Chama, ametabasamu na kuinua kidole gumba. Serikali ndiyo iliyolinunua. Lakini aliyelileta kwenye gari lake na kulishusha mbele ya watu huku fataki zikilia ni Don Wilfrido, kwa hiyo Isla Pindo nzima ilijua ni jokofu la Don Wilfrido. Ermelinda mwenyewe alilijua hivyo. Kazi ya uuguzi msaidizi aliipata kwa kikaratasi cha Don Wilfrido, kama baba yake alivyopata kazi ya kufagia mahakama kwa kikaratasi cha mwenyekiti aliyemtangulia. Nyumbani kwao kadi ya Chama ya babu ilitundikwa kwenye fremu, sambamba na picha ya Bikira Maria wa Caacupé, na watoto walifundishwa kupita mbele ya vyote viwili kwa adabu. Ermelinda alikuwa pia katibu wa tawi. Kadi mpya za wanachama aliziandikia palepale zahanatini, baina ya mgonjwa na mgonjwa. Hakuwahi kuona haya kwa hilo. Chama kilikuwa familia kubwa, na familia husaidiana. Wasio wa familia hii wanayo yao, wakaombe huko.

Akina Nimia hawakuwa wa familia. Marehemu baba yake, Don Isabelino Benítez, alipigwa na watu wa Chama enzi ya utawala wa Jenerali mpaka sikio lake moja likaziba, na alikufa akijisifu kwamba hajawahi kushika kadi yao hata ya kuokota njiani.

Basi, barafu. Oktoba, upepo wa kaskazini ukishaanza kuvuma na watu kugombana bila sababu, mtu wa Isla Pindo anaweza kukosa nyama, anaweza kukosa hata muhogo, lakini asikose terere, ile chai ya majani inayonywewa baridi. Na terere isiyo na barafu ni majani ya ng'ombe yaliyotiwa maji ya dimbwi. Umeme kule ulikuwa wa kubahatisha. Jokofu la uhakika lilikuwa moja. Ilianza kwa Don Wilfrido kuomba trei moja ya barafu kwa ajili ya kikao. Baadaye akina mama wa Chama wakawa wanapita na chupa zao za maji baridi, na Ermelinda anawajazia, wanamsifu, wanambusu shavuni. Alifurahi, kwa nini asifurahi? Wale wa upande wa pili hakuna aliyewakataza. Hawakuja tu.

Don Wilfrido alifika Ijumaa, jasho limemlowesha leso ya Chama shingoni.

“Ermelinda binti yangu, kesho mheshimiwa mgombea anakunywa terere uwanjani kwetu. Uwanja utafurika. Nataka barafu ya kufunika ng'ombe.”

“Don Wilfrido, nikilizidisha baridi dawa zitaganda.”

“Usiku mmoja?”

“Hata usiku mmoja.”

“Ermelinda.” Alisema jina lake taratibu, kwa upole, kama baba. “Mimi nimewahi kukuomba kitu kikubwa?”

Kweli hakuwahi. Alikuwa ametoa tu, miaka yote hiyo, na anayetoa hana haja ya kuomba. Jioni Ermelinda alizungusha kitufe cha jokofu mpaka kikagota mwisho. Jumamosi mheshimiwa alikunywa terere iliyomsisimua meno, akasema mbele ya kipaza sauti kwamba hajawahi kupokewa hivi, na watu walipiga makofi hata ndege wakahama. Jumapili Ermelinda alikwenda kwa Don Wilfrido na kichupa mkononi.

“Zimeharibika. Lazima nitoe taarifa mjini waniletee nyingine.”

“Baada ya uchaguzi. Nitakuletea katoni nzima, mimi mwenyewe, kwa gari langu. Ukitoa taarifa leo, wale watu wataiimba redioni wiki nzima mpaka wakauke koo. Nani huumwa na nyoka ndani ya wiki moja?”

Ulikuwa msimu wa kukata miwa, na wote wawili walijua nani huumwa. Ermelinda alirudi na kichupa chake. Hakuwa mgeni wa kumeza mambo. Alikwisha kuliona gari la wagonjwa likibeba viti vya mkutano huku mwanamke akijifungulia njiani juu ya gunia. Alikwisha kuziona katoni za dawa za kifua zikikaa ofisini kwa Chama zikisubiri siku ya hotuba, na watoto wanakohoa. Kila mara alipata neno la kujipoza: ni mara hii tu, ni yule dereva, ni mji ndio unaochelewesha. Siku zile maneno ya kujipoza yalikuwa yameanza kumwishia, akawa anayarudia yaleyale.

Sasa alisimama mlangoni, simu sikioni, mgongo akiwapa Nimia na mama yake. Upande wa pili wa simu kulikuwa na ngoma, honi na fataki.

“Don Wilfrido, nina Nimia wa Ña Tomasa hapa. Kaumwa na yarara, fizi zinatoka damu. Nahitaji gari.”

“Nimia yupi? Wa akina Benítez? Wale wa upande ule?”

“Ni mgonjwa, Don Wilfrido.”

“Sijasema si mgonjwa. Mbona unanipandishia sauti? Gari liko kwenye msafara, limefungwa spika juu. Likishazunguka kanisa nalituma.”

“Atapoteza mkono.”

“Si una dawa hapo?”

Ermelinda alitoka hatua moja nje. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Unajua sina.”

“Basi mtulize. Wewe ndiye nesi, mimi nijue nini? Na Ermelinda, mwanangu... mdomo.”

Simu ikakatika. Basi la mjini lilipita alfajiri tu, na kila kitu chenye injini nzima pale Isla Pindo, hadi trekta la kiwanda, kilikuwa msafarani kwa mafuta ya Chama. Hata pikipiki iliyomleta Nimia ilikuwa imegeuza hapohapo ikawahi msafara. Ermelinda alirudi kitandani. Mkono ulikuwa umevimba kupita kiwiko. Aliuinua juu ya mto, akaupima kwa macho, akabadilisha dripu ambayo haikuwa imeisha.

“Kwa nini humchomi?” Ña Tomasa aliuliza.

“Tunasubiri gari.”

“Sijauliza gari. Vichupa nimeviona. Umevitoa, umevitazama, umevirudisha.”

“Ile haimfai, Ña Tomasa.”

“Haimfai vipi? Yarara ni yarara. Mwaka jana ulimchoma mtoto wa Cirila, akarudi nyumbani anacheza polka.” Aliusogeza uso wake karibu, na hapo Ermelinda aliona kwamba mama huyu hakuwa na hasira. Alikuwa anapiga hesabu ya jambo. “Ni za nani, nesi? Za wenye kadi?”

Ukweli ulikuwa mfupi. Ungetoka kwa pumzi moja. Ermelinda alifungua kinywa akawaza kazi, akawaza baba yake mzee anayemtegemea, akawaza uso wa Don Wilfrido anapotaja jina lake taratibu, na kinywa kikajifunga.

“Tusubiri gari,” alisema.

“Mama, mwache nesi afanye kazi yake,” Nimia alisema kutoka kitandani. Sauti ilikuwa imelegea. “Mwambieni Don Wilfrido nitampigia kura hata mara mbili. Aje tu.”

Ña Tomasa alikaa kwenye kibao, mfuko wenye nyoka miguuni pake, akakodoa macho kwenye mlango wa jokofu, kwenye kile kidole gumba kilichoinuliwa. Alikaa hivyo mchana wote, na Ermelinda alitamani angemtukana.

Gari lilifika jua likiwa limeshainama, ubavuni limebandikwa picha za mgombea, ndani kuna bendera na kreti za chupa tupu. Walizishusha wenyewe ili Nimia apate pa kulala. Hospitali ya mjini waliwapokea bila maneno mengi. Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliugusa mkono, akaufuata kwa kidole hadi begani, akamgeukia Ermelinda.

“Dawa mnayo kule kwenu. Mbona hukumpa palepale?”

Ña Tomasa alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwao.

“Gesi iliisha,” Ermelinda alisema. “Jokofu lilizima.”

Lilitoka lenyewe, laini, bila kukwama popote. Daktari akalirudia, “Gesi,” kama mtu aliyelisikia neno hilo mara nyingi, akaondoka kutafuta dawa. Ña Tomasa naye alilisikia. Aliposimama karibu na jokofu lile mchana, lilipofunguliwa, ubaridi ulikuwa umempiga usoni.

Kesho yake mkono wa Nimia ulikatwa chini kidogo ya kiwiko.

Ermelinda alikwenda kwa Don Wilfrido kabla ya uchaguzi. Alimkuta chini ya kibaraza chake anakunywa terere, akamwambia wima wima kwamba atasema: kwa daktari, redioni, popote. Don Wilfrido alimsogezea kiti, na alipokataa kukaa akasimama yeye pia, kwa heshima.

“Sema, mwanangu. Lakini tusaidiane kufikiri. Kile kitufe nilikizungusha mimi? Ufunguo wa zahanati ulikuwa nao nani? Na daktari umeshamwambia ni gesi, au nimesikia vibaya? Ukisema, atakayefungwa ni wewe. Na mimi nitakuja kukuona gerezani kila Jumapili, nikuletee mkate wa chipa wa moto, kwa sababu mimi siwatupi watu wangu.” Alimshika bega. Alikuwa anasema kweli. Angekuja, na chipa ingekuwa ya moto. “Nenda kapumzike. Umechoka.”

Siku ya kura, ndani ya kile kibanda cha kadibodi, Ermelinda alipigia upande wa pili. Hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kufanya hivyo. Alidhani msimamizi ataisikia kura yake ikitumbukia. Akatoka nje, akakuta mbwa wamelala kivulini na wanawake wanauza mikate, na dada mmoja wa tawi akamkonyeza akidhani amefanya kama siku zote. Jioni Chama kilishinda kwa wingi uleule. Don Wilfrido alileta katoni ya dawa ya nyoka siku ya pili yake, kama alivyoahidi, akaishusha mwenyewe, akapigwa picha nayo. Ermelinda yumo kwenye picha hiyo, ameshika upande mmoja wa katoni.

Novemba ilipofika, akina Benítez waliingia tena zahanatini. Ña Tomasa alikuwa amevaa gauni la kanisani. Nimia alikuwa amekonda, mkono wa blauzi upande wa kulia umekunjwa na kufungwa kwa pini.

“Don Wilfrido katuambia wewe ndiye unayeandika,” Ña Tomasa alisema. “Mimi na huyu. Wanangu wa kiume watakuja wakitoka kiwandani.”

“Kuandika nini?”

“Kadi, nesi. Usinisemeshe mara mbili, nimeona haya ya kutosha njiani.”

Ermelinda aliinuka akafunga mlango. Akawavutia kibao, lakini hawakukaa, kwa hiyo akasema amesimama, na safari hii hakuchagua maneno.

“Ña Tomasa, nisikilize. Siku ile dawa ilikuwa imeharibika. Niliigandisha mimi, nikitengeneza barafu ya mkutano wao. Hata ungekuja na kadi kumi nisingekuwa na cha kumchoma Nimia. Haikuwa kadi. Hapakuwa na dawa ya mtu yeyote.”

Ña Tomasa aligeukia mlango wa jokofu.

“Siku ile ilikuwa haimfai,” alisema. “Hospitali ikawa gesi. Leo barafu. Kesho itakuwa nini, mwanangu?”

“Leo nasema kweli.”

“Nimeziona kwa macho yangu haya, kisanduku kimejaa. Usiniambie hazikuwepo, nitaugua.” Hakupaza sauti. “Mume wangu alikufa bila kadi, akijivuna. Na mimi nikajivuna naye. Angalia huyu mtoto. Mimi sikulaumu, nesi. Kila mtu hulisha wa nyumbani kwake kwanza, hata mimi ningefanya hivyo. Ndiyo maana tumekuja. Andika.”

Ermelinda aligeuka. “Nimia. Wewe unaniamini?”

Nimia aliinua bega moja. “Don Wilfrido kasema nitafagia hapa zahanatini, mwezi ujao naanza. Sasa nikikuamini wewe, nesi, nani atanipa kazi?”

Nje watu walikuwa wanaongea kivulini wakisubiri zamu. Ermelinda angeweza kukataa. Angekataa, wangeandikwa nyumbani kwa Don Wilfrido jioni hiyohiyo, na Nimia angeanza kazi kwa jina baya. Alitoa kadi kwenye droo. Aliandika jina la mama, mama akatia sahihi yake polepole, herufi moja baada ya nyingine, ulimi nje. Akaandika jina la binti.

“Sahihi sijaiweza bado kwa kushoto,” Nimia alisema. “Natoa minyoo tu.”

“Weka dole gumba.”

Nimia alikigusa kidau cha wino, akakandamiza kidole kwenye kadi kwa nguvu zake zote, kama mtu anayeogopa kisikubaliwe. Alipokiinua kilikuwa cheusi mpaka kwenye kiungo. Alisogeza kile kigutu upande wa kushoto, kwa mazoea, akitaka kujifuta, kisha akakikumbuka na kukirudisha. Akabaki ameuinua ule mkono mmoja hewani, mbali na blauzi, hajui aufanye nini.

“Jifute kwenye sketi yangu,” Ña Tomasa alimwambia. “Na umshukuru nesi.”

“Asante, nesi,” Nimia alisema.